Kabla hujainama kuokota kipande cha ndege mlimani

Msomaji mmoja amenitumia picha ya kipande cha alumini. Hakizidi kiganja, kimejikunja upande mmoja, ribiti tatu bado zimeshika, na kwenye pindo kuna rangi ya kijani iliyofifia. Anasema alikiokota kwenye mabaki ya ndege ya vita alipokuwa akipanda mlima, na anaomba nimsaidie kujua ni cha ndege ya aina gani.

Namjibu hapa hadharani, maana swali hili halitoki kwake peke yake, na sitaficha kwamba huniudhi kila linaponifikia. Kilipokuwa kimelala kwenye majani, kipande kile kilikuwa na mengi ya kusema: kilitoka bawa lipi, ndege iligonga mlima ikitokea upande gani, ilikuwa imelala ubavu au imenyooka. Kilipoingia mfukoni yote hayo yalikatika. Sasa ni bati lenye ribiti tatu, na bati la namna hiyo lilitumika kwenye ndege nyingi mno.

Kwa aliyekwisha kuchukua kitu, nina ombi moja ambalo huwashangaza watu: usikirudishe kimyakimya. Ukikiweka mahali unapodhani ulikitoa, umepanda ushahidi wa uongo, na atakayekuja kupima eneo lile mwakani ataandika jambo lisilokuwa kweli. Andika kwenye karatasi ulikitoa wapi, lini na kilikuwa karibu na nini. Ambatanisha picha ulizopiga siku hiyo, kisha wasiliana na wenye mamlaka: jeshi husika kama ndege ilikuwa ya kijeshi, uongozi wa hifadhi kama mlima uko ndani ya hifadhi. Wakati unasubiri, usikisafishe, usikipake mafuta, usikiuze.

Kwa ambaye bado hajafika huko juu, mengine ni haya.

Kwa nini zipo kule

Ndege nyingi za zamani zilifuata njia kwa hesabu: kasi, muda, mwelekeo wa dira, na upepo uliokadiriwa kabla ya kuruka. Upepo wa ubavuni ukizidi makadirio kwa kilomita 30 kwa saa, baada ya saa moja ndege iko kilomita 30 kando ya mstari uliochorwa kwenye ramani. Juu ya mawingu, rubani hana njia ya kulijua hilo kwa macho.

Kosa la pili liko kwenye altimita. Chombo hiki hakipimi urefu, kinapima mgandamizo wa hewa na kuutafsiri kuwa urefu. Karibu na usawa wa bahari, badiliko la hektopaskali 1, yaani kipimo cha mgandamizo, ni sawa na mita 8 hivi. Ndege iliyoondoka penye mgandamizo wa 1015 ikaingia eneo la 995 bila altimita kurekebishwa, inasoma mita 160 zisizokuwepo. Baridi nayo huongeza lake: kila nyuzi 10 chini ya joto la kawaida la hewa, kosa hukua kwa takriban asilimia 4 ya urefu. Rubani anayeona mita 1,000 katika hewa iliyopoa nyuzi 20 kuliko kawaida yuko mita 920. Jumlisha makosa hayo mawili upate mita 240, kisha ongeza upepo unaoshuka upande wa pili wa mgongo wa mlima, na barafu inayoshika kwenye mabawa. Ndiyo maana mabaki mengi hukutwa karibu sana na kilele. Waliokuwemo waliamini wamekwisha kuuvuka.

Chukua Bleaklow, kwenye milima ya Peak District, Uingereza. Tarehe 3 Novemba 1948 ndege ya Marekani aina ya B-29 ilitoka Scampton kwenda Burtonwood, safari fupi sana, ikiwa na barua na fedha za mishahara ya askari. Inaaminika wafanyakazi wake walihesabu muda wakaona wamekwisha kuvuka milima, wakaanza kushuka ndani ya wingu. Watu 13 walifariki. Ndege hiyohiyo ilikuwa imepiga picha za majaribio ya bomu la atomiki kwenye kisiwa cha Bikini mwaka 1946, na leo injini zake zimelala kwenye udongo wa mboji. Au chukua Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro: tarehe 18 Mei 1955, ndege ya abiria aina ya Dakota ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga mlima, na wote 20 waliokuwemo wakafa.

Nimeanza na fizikia kwa makusudi. Mtu asiyejua ndege ilifikaje pale huona takataka. Anayejua huona mstari mzima wa safari, na mara nyingi mikono yake hutulia yenyewe.

Kusoma eneo bila kugusa

Anza mbali. Simama mita 30 au 40 kutoka kwenye mabaki na utafute pigo la kwanza: kovu kwenye mwamba, shimo lililojaa maji, au sehemu tupu isiyoota majani kwa sababu ya mafuta na chumvi za metali. Vitu vizito, hasa injini, huendelea mbele zaidi kwenye mwelekeo wa ndege. Injini moja ya Rolls-Royce Merlin ina zaidi ya kilo 700, ya B-29 inapita tani, kwa hiyo haisogezwi na upepo. Bati jepesi husambaa, na kwa miaka mingi theluji na maji huliteremsha korongoni. Mwelekeo wa ndege utafute kwa vitu vizito. Bati lililo bondeni lisikudanganye.

Halafu tazama kioo. Taa ya ncha ya bawa la kushoto ni nyekundu, ya kulia ni ya kijani. Vigae vichache vya kioo chekundu vikiwa ndani ya kovu la kwanza vinakuambia kwamba bawa la kushoto liligusa kwanza, maana yake ndege ilikuwa imeinamia huko. Bahati mbaya vigae hivyo ndivyo vinavyong'aa na kupendwa na watoto, na ndivyo vinavyochukuliwa mapema kuliko kitu kingine chochote. Kwenye maeneo yanayotembelewa sana, ushahidi huo hutoweka wa kwanza.

Aina ya ndege hutambuliwa kwa namba zilizogongwa kwenye vipande. Chukua ndege mbili za Uingereza za Vita vya Pili vya Dunia: sehemu za Spitfire za mwanzo zina namba zinazoanza na 300, za Mosquito huanza na 98 kwa kuwa ndiyo namba ya muundo wake kwa De Havilland, kampuni iliyoiunda. Mosquito ilijengwa kwa mbao, kwa hiyo usitegemee kuona bawa wala bodi. Kinachobaki ni injini, miguu ya magurudumu na vifungio vya chuma, na asiyejua hilo hudhani ndege nzima imeibwa.

Namba hazihitaji kusuguliwa ili zisomeke. Hapa ndipo watu wema huharibu. Brashi ya waya huondoa rangi, na pamoja na rangi huondoa mihuri midogo ya wakaguzi wa kiwandani, ambayo ilipigwa kwa wino. Huondoa pia utando wa oksidi unaoilinda alumini, na kutu nyeupe ya ungaunga huanza upya. Tumia mwanga badala yake: tochi iliyolazwa karibu na bati, imulike kwa ubavu, na namba itajitokeza kwa kivuli chake. Piga picha tatu kwa kila kitu muhimu, ya mbali inayoonyesha kilipo kwenye mteremko, ya kati inayoonyesha jirani zake, na ya karibu yenye rula pembeni. Simu iachwe imetulia dakika mbili kabla ya kusoma GPS, na ukumbuke kwamba chini ya jabali kipimo kinaweza kukosea kwa mita 10 au zaidi. Andika mwelekeo wa dira pia.

Usikigeuze kipande ili uone chini yake. Rangi ya upande wa chini imedumu kwa sababu haikupigwa na jua. Ukikiacha kichwa chini miguu juu, itapauka, na udongo uliokishika utafumuka. Usipange vipande kwa umbo la ndege ili picha ipendeze. Usikwangue jina lako. Usijenge kibanda cha kujikinga na upepo kwa mabati. Nayasema haya yote, na najua yanachosha, lakini kila moja limefanywa na mtu aliyedhani hafanyi kosa.

Ukikuta alama kubwa ya X ya rangi ya njano kwenye bawa, nayo iache. Nchini Marekani wahusika wa utafutaji huchora alama hiyo ili rubani wa uokoaji anayepita juu ajue haya ni mabaki ya zamani yanayojulikana, asipoteze saa nzima akidhani amepata ndege inayotafutwa leo.

Vinavyoweza kukuua

Watu huogopa mabomu na kusahau vitu vidogo. Risasi za bunduki za ndege za kipenyo cha milimita 7.7 na 12.7 ni za kawaida kwenye mabaki ya vita, na zile za milimita 20 mara nyingi zina baruti kichwani. Kuoza kwa ganda hakuzifanyi kuwa salama. Kifaa cha redio cha kujitambulisha kwa rada kilikuwa na kilipuzi kidogo ndani yake, kilichowekwa ili adui asikipate kizima. Fataki za ishara nazo zina kemikali zinazoweza kuwaka bado. Kwenye ndege za jeti za baada ya vita, kiti cha kumrusha rubani kina katriji za baruti, na kiti kilichokwama bila kufyatuka kinaweza kufyatuka leo.

Saa za dashibodi ni hatari ya namna nyingine. Namba zake zilipakwa rangi yenye radiamu ili zionekane gizani. Zimeacha kung'aa, na hapo ndipo watu hudanganyika: kilichokufa ni ile kemikali ya kutoa mwanga. Radiamu-226 hupungua kufikia nusu baada ya miaka 1,600, kwa hiyo ipo karibu yote. Kioo kikiwa kimevunjika, rangi imekuwa vumbi, na vumbi hilo likiingia kifuani halitoki. Chupa za kuzimia moto za ndege za Uingereza zilijazwa methili bromidi, ambayo ni sumu. Mabomba ya moshi yalifungwa kwa asbesto.

Ukikuta risasi, bomu au chupa usiyoielewa: usiguse, usipige teke, usiweke jiwe la alama juu yake. Rudi kwa njia uliyoijia. Ukiwa mbali, andika mahali kwa GPS, na toa taarifa polisi, ambao ndio huwaita wataalamu wa milipuko.

Mifupa

Mfupa mdogo unaweza kuwa wa kondoo au kulungu. Kuamua hilo si kazi yako. Piga picha moja yenye kipimo pembeni, chukua GPS, ondoka, piga simu polisi, na uwaambie tangu mwanzo kwamba eneo ni la ajali ya ndege ili wajue la kufanya. Uingereza, polisi hulipeleka suala la askari kwa ofisi ya Wizara ya Ulinzi iliyoko Innsworth, karibu na Gloucester. Kwa askari wa Marekani, ipo taasisi ya serikali yao inayotafuta na kutambua waliopotea vitani, na huwa inafuatilia kesi za zaidi ya miaka 75 iliyopita.

Kibao cha jina cha askari kikiwa karibu na mfupa, usikiinue, hata kama unataka kukilinda. Ukaribu huo ndio ushahidi. Kikitolewa, jina linabaki bila mwili na mwili bila jina. Na tafadhali, picha isiende mtandaoni. Wapo wajukuu ambao wameishi na picha ya babu ukutani tangu utotoni. Habari hiyo iwafikie kwa mtu aliyewapigia hodi.

Baadhi ya maeneo ni makaburi kwa maana kamili. Kwenye Ben More Assynt, Scotland, ndege ya mafunzo aina ya Anson ilianguka Aprili 1941 ikiwa na watu 6. Kwa sababu ya umbali na hali ya mlima walizikwa palepale, na rundo la mawe likajengwa. Mwaka 2013 helikopta ya Chinook ilipeleka jiwe jipya la granaiti lenye majina yao. Huko Andes, kwenye bonde ilikoanguka ndege ya Uruguay tarehe 13 Oktoba 1972, waliofia pale wamezikwa karibu na msalaba wa chuma. Mteremko wa mlima Erebus huko Antaktika, ilikogonga ndege ya abiria tarehe 28 Novemba 1979 na kuua wote 257, umetangazwa kuwa kaburi, na hauingiliki bila kibali. Kwenye maeneo kama haya, hata kuketi na kufungua chakula juu ya bawa ni utovu wa adabu. Tembea mita 100, kula huko.

Sheria, kwa ufupi

Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi. Kila ndege iliyoanguka ikiwa kwenye utumishi wa kijeshi inalindwa moja kwa moja, hata kama haimo kwenye orodha yoyote na hata kama ilikuwa ya adui. Kuharibu, kusogeza, kuondoa au kufukua bila leseni ni kosa. Leseni haitolewi panapodhaniwa kuna miili au silaha za kulipuka, na leseni yenyewe haikupi ruhusa ya mwenye ardhi. Hiyo unaiomba peke yake. Jeshi la Wanamaji la Marekani linashikilia kwamba ndege zake zinabaki mali ya serikali hata baada ya miongo mingi. Ndege ya kiraia kwa kawaida huwa mali ya kampuni ya bima iliyolipa fidia. Ndani ya hifadhi ya taifa, ongeza kanuni za hifadhi. Anayesema "haina mwenyewe" hajauliza.

Barafuto ni suala tofauti

Mpaka hapa kanuni ni moja, acha kilipo. Kwenye barafu kanuni hiyo inayumba, kwa sababu barafuto, yaani mto wa barafu, inatembea. Kinachotokea leo kitazama kesho kwenye ufa au kusombwa na maji.

Ndege ya Star Dust ilipotea tarehe 2 Agosti 1947 karibu na mlima Tupungato, mpakani mwa Argentina na Chile, ikiwa na watu 11. Haikuonekana kwa nusu karne. Ilizikwa na theluji juu ya barafuto, ikasafiri ndani yake, na vipande vikaanza kutokea chini mwaka 1998. Alaska, ndege ya mizigo ya C-124 iliyoanguka tarehe 22 Novemba 1952 ikiwa na watu 52 ilionekana tena mwaka 2012 kwenye barafuto ya Colony, na tangu hapo wanajeshi wamekuwa wakirudi wakati wa kiangazi kukusanya kinachotokea. Uswisi, Dakota iliyotua kwa dharura juu ya Gauli mwaka 1946, ambayo watu wake wote waliokolewa, ilirudisha panga boi lake mwaka 2012, na mwaka 2018 jeshi likateremsha vipande vingine.

Kwenye Mont Blanc zilianguka ndege mbili za Air India, ya kwanza tarehe 3 Novemba 1950 ikiwa na watu 48, ya pili tarehe 24 Januari 1966 ikiwa na watu 117, miongoni mwao mwanafizikia Homi Bhabha. Mwaka 2013 mpanda milima mmoja alikuta kwenye barafu sanduku lenye zumaridi, yakuti na rubi. Alilipeleka kwa polisi. Baada ya wenyewe kutafutwa bila kupatikana, mwaka 2021 mawe yaligawanywa nusu kwa nusu kati yake na mji wa Chamonix. Mwaka mmoja kabla ya sanduku hilo, mfuko wa barua za kidiplomasia uliotokea hapohapo ulikabidhiwa kwa ubalozi wa India.

Kwa hiyo kwenye barafu: piga picha, chukua GPS na saa, toa taarifa siku hiyohiyo, na mwambie anayepokea taarifa kama kitu kiko ukingoni mwa ufa. Yeye ndiye atakayesema kibebwe au kiachwe. Kitu cha karatasi au ngozi kisikaushwe juani, kitapasuka na wino utatoka. Kiwekwe ndani ya mfuko kikiwa na unyevu wake, kibaki baridi.

Kuweka kibao

Watu wakishaguswa na mahali hutaka kuweka kitu. Maoni yangu ni wazi na najua hayapendwi: kibao kizuri zaidi ni kile kilicho bondeni, penye kuanzia njia. Dada wa marehemu mwenye miaka 90 anakifikia. Mlimani wanafika wenye magoti mazima tu.

Lakini kama kibali cha mwenye ardhi na cha mamlaka ya mabaki kimepatikana, basi kifanywe kidumu. Usifunge kibao kwenye ndege yenyewe. Shaba au chuma kisichoshika kutu kikigusana na alumini penye unyevu, vinakuwa betri, na inayoliwa ni alumini. Tafuta mwamba wa asili usiotikisika, pembeni mwa mabaki upande wa njia. Kibao cha shaba nyeusi cha sentimita 30 kwa 20, unene wa milimita 6, kina uzito wa karibu kilo 3. Kiagize kikiwa na vijiti vinne vya nyuzi vya milimita 8 vilivyofungwa kwa nyuma, ili kichwa cha skrubu kisionekane na mwizi asipate pa kushika. Toboa mashimo ya milimita 10, kina cha sentimita 8. Sugua kila shimo kwa brashi, puliza vumbi kwa pampu, rudia. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi na kuuacha mwamba. Tumia gundi ya epoksi ya kutia nanga inayokubali shimo lenye unyevu, na ibebe ndani ya koti, kwa kuwa baridi huifanya nzito na chini ya nyuzi 5 gundi nyingi hazikauki ipasavyo. Betri ya drili nayo ibebwe mwilini, na chukua mbili.

Kosa linaloangusha vibao vingi ni nafasi iliyoachwa nyuma yake. Maji huingia, yanaganda, yanatanuka kwa asilimia 9, na kila majira ya baridi husukuma kidogo. Paka gundi mgongo wote wa kibao, kandamiza mpaka itoke pembeni, futa. Kiinamishe kidogo maji yateremke.

Maandishi yawe machache: aina ya ndege, namba yake, kikosi au kampuni, ilikotoka na ilikokwenda, tarehe, na majina kamili. Majina yathibitishwe kwenye rejista za makaburi ya vita na kwenye shajara za kikosi. Za Jeshi la Anga la Uingereza zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London, kwenye mfululizo wa AIR 27. Kadi za ajali ziko kwenye jumba la makumbusho la jeshi hilo. Marekani waliandika ripoti ya kila kundi la wanaanga waliopotea kuanzia 1943. Tahajia iliyokosewa kwenye shaba haifutiki.

Sababu ya ajali isiandikwe. Ripoti za haraka hupenda kumlaumu rubani, kwa kuwa hayupo kujitetea. Ajali ya Erebus kwanza ilihesabiwa kuwa kosa la marubani. Mwaka 1981 tume ya Jaji Peter Mahon ikaeleza kwamba njia ya ndege kwenye kompyuta ilibadilishwa bila wao kuambiwa. Hebu fikiria kama mtu angekuwa amekwisha kuchonga hukumu ya kwanza kwenye mwamba.

Siku ya kumbukumbu

Pangeni kundi dogo, watu 10 au 12, ili njia isichimbike. Hewa hupoa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo anayetoka jasho bondeni atasimama kimya kwa baridi kali juu. Leteni koti la kuvaa wakati wa kusimama. Wekeni saa ya kugeuka na kuifuata, hata kama hamjafika. Beinn Eighe, Scotland, Machi 1951, bombadia aina ya Lancaster iligonga mlima na watu wake 8. Kikosi cha uokoaji hakikuwa na ujuzi wala vifaa vya kupanda barafu ya makorongo yale, na mwili wa mwisho uliteremshwa Agosti. Aibu hiyo ndiyo iliyolisukuma Jeshi la Anga la Uingereza kurekebisha mafunzo ya uokoaji wa mlimani. Kumbukumbu inayomwongezea mlima maiti haijajifunza kitu pale.

Someni majina kwa sauti, na aliyepewa kuyasoma ajifunze matamshi yake kabla, ampigie mtu wa lugha hiyo kama lazima. Kimya cha dakika 2 kinatosha. Shada la plastiki na waya lirudi nalo. Plastiki hukatika vipande vidogo na waya hunasa miguu ya wanyama. Mishumaa isiwashwe juu ya udongo wa mboji, kwani moto huingia chini na kuungua kwa siku kadhaa. Majivu ya marehemu yasimwagwe kileleni: yanaingiza chumvi kwenye udongo maskini na kubadili kinachoota.

Limebaki la picha. Mwaka 2014 Marekani iliyapa hadhi ya kihistoria mabaki ya ndege mbili zilizogongana juu ya Grand Canyon tarehe 30 Juni 1956, ajali iliyoua watu 128, lakini mahali hasa yalipo hapakutangazwa. Wamefanya vyema. Eneo ambalo tayari liko kwenye ramani za watembea milima halina siri ya kutunza, ila lile lisilojulikana linaweza kusafishwa lote ndani ya kiangazi kimoja baada ya picha moja kusambaa. Picha ya simu hubeba GPS ndani yake, kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kupanda. Angalia pia mgongo wa mlima ulioonekana nyuma ya injini, maana mtu anayeujua mlima ule atalipata eneo kwa mstari huo tu. Kata picha, au elekeza kamera chini.